Viti vya Mama Shaha

Ninayo siku moja ambayo hainitoki kichwani. Ulikuwa mgongoni kwangu, mwanangu, nimekufunga kwa khanga, unanyonya kidole, nami nimesimama mbele ya meza ya karani pale Kibiti kwa mara ya nne. Mara tatu za kwanza niliambiwa njoo wiki ijayo. Mara hii karani alifungua faili, akasoma kama mtu anayesoma bei ya sukari: "Kaya ina makochi, zulia, feni na vyombo vizuri vya kulia. Wageni waliandaliwa wali na kuku. Kaya ina uwezo. Ombi limekataliwa."

Uvumilivu uliniishia hapo. Niliipiga ile meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Feni! Nyumba yetu haina hata waya wa umeme. Hiyo feni tunaizungusha kwa mkono?"

"Dada, punguza sauti. Hii ofisi."

"Na huyo kuku mlimla nyinyi! Mtu anakula, ananawa, halafu anaandika tuna uwezo?"

Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Karani akainamisha kichwa. "Mimi sikuwepo, dada yangu. Nasoma kilichoandikwa. Kama hukubali, leta malalamiko kwa maandishi." Wewe ukashtuka, ukalia, nikatoka na wewe.

Usikimbilie kumlaumu karani. Yale makochi niliyabeba mimi, mwanangu, moja baada ya jingine, kutoka nyumba ya jirani mpaka kwetu. Mimi si mzee wa kumkalisha mtu nimpe nasaha, bado hata meno yako yote hayajaota. Lakini nataka siku utakayoweza kusoma uyakute haya yameandikwa, kabla hasira haijanipoa nikaanza kuyapamba.

Nilimaliza kidato cha sita, nikakuzaa, kisha nikapata nafasi ya chuo cha uuguzi. Ada hatukuwa nayo. Babu yako alishafariki, na mama yangu alikuwa akikaanga mihogo pale Bungu, mabasi yanaposimama. Ulikuwepo mfuko wa kuwasomesha vijana wa vyuo wanaotoka kaya zenye kipato kidogo. Unajaza fomu ofisini kwao Kibiti, kisha watu wanakuja nyumbani kujionea kama kweli huna. Chuo kilishaniandikia kwamba nafasi yangu itashikiliwa mpaka mwisho wa mwezi, basi.

Mjumbe akaja kutuambia, kesho asubuhi mtatembelewa. Katika maneno yake yote mama alisikia moja tu: wageni.

"Watu watoke Kibiti waje wakalie mkeka uliochanika?" akasema. Akatoka mbio kwa Mama Shaha, jirani yetu ambaye mumewe anafanya biashara Dar. "Mama Shaha, nisitiri."

Na Mama Shaha hajui kusitiri nusu. Alitoa makochi mawili na vitambaa vyake vya kufuma, zulia, sahani za maua, mchele wa kuwapikia wageni, na juu ya yote hayo akaleta feni ya kusimama.

"Mama Shaha, sisi hatuna umeme," nikamwambia.

"Iweke tu pale pembeni, mwanangu. Inajaza nyumba."

Mama akamkamata kuku, yule mmoja aliyebaki, aliyekuwa akitutagia mayai yako ya asubuhi. Mimi na elimu yangu ya kidato cha sita nilijua kabisa watu wale wanakuja kufanya nini. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa msichana niliyerudi kutoka shule na kupata mtoto nyumbani, macho ya watu yalikuwa yamenichosha, na asubuhi ile nilitaka watu wa ofisini waone kwamba sisi nasi ni watu. Nikapanga vitambaa vya makochi vizuri, vikalala sawasawa. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Wakaja watatu. Wakakaa, wakala. Mmoja wao, sahani mkononi, akamuuliza mama, "Hali ya maisha ikoje hapa nyumbani, mama?"

"Alhamdulillahi," mama akajibu. "Tunakula, tunavaa, hatuna neno. Ongeza mchuzi, baba."

Ungetaka ajibu nini? Nani aliyelelewa huku kwetu atamwambia mgeni anayetafuna kwamba ndani hakuna kilichobaki? Yule bwana akaongeza mchuzi, akamaliza mfupa, akaandika.

Niliporudi kutoka Kibiti siku ile ya meza, nilimkuta mama anamenya mihogo pamoja na bibi, mama yake mzazi. Nikasema nitaandika malalamiko, nieleze kwamba vile vitu viliazimwa, na yeye na Mama Shaha watie sahihi.

Mama akatupa kisu kwenye beseni. "Unianike, Mwanaidi? Barua isomwe ofisini, kijiji kizima kijue niliwakalisha wageni kwenye viti vya watu? Kama chuo ndiyo hicho, usiende!"

Aibu ilikuwa yake, na bila sahihi yake barua yangu ingekuwa kelele za mtu aliyenyimwa.

Bibi hakuinua macho kutoka kwenye muhogo wake. Yeye huniita mke mwenzangu, kwa utani, kama mabibi wote.

"Mke mwenzangu, kaa chini. Na wewe mwanangu, uliyetupa kisu, sikiliza. Bibi yangu mimi aliviona vita vya Maji Maji. Askari walichoma mashamba na maghala, vita vikaisha watu wakabaki na njaa. Akashuka kutoka milima ya Umatumbi, mtoto mgongoni, siku tatu wanatafuna mizizi. Akafika nyumba yenye mtama. Wenyewe walikuwa watu wazuri. Wakamkaribisha, wakamuuliza, huko mtokako mmekula? Akasema tumekula, tumeshiba. Aliona haya. Watu wakamwamini, wakampa maji ya kunywa. Kesho yake mtoto hakuamka."

Mama hakukirudia kisu.

"Alizaa wengine, ndiyo maana sisi tupo," bibi akasema. "Lakini mpaka anazeeka, ukimuuliza umekula, anakwambia ukweli hata kama unamuuliza mbele ya shehe. Wale hawakuwa wabaya. Walimuuliza."

Wewe ulikuwa unachezea maganda. Kisha mama akanawa, akajifuta kwa khanga, akasema, "Lete hiyo karatasi. Na uandike mkeka umechanika upande gani."

Mama Shaha alipoletewa barua atie sahihi alicheka mpaka akakaa. "Kumbe feni yangu imefika Kibiti kabla yangu!" Akasaini kwa herufi kubwa.

Basi mwanangu, mgeni mheshimu. Mtandikie, mpikie, hilo sitakukataza, ndivyo tulivyo. Lakini anayekuja na kalamu kukuuliza unakosa nini, mwambie unachokosa, na umwambie akiwa amekaa juu ya mkeka wako mwenyewe. Hajui mpaka umwambie. Ukiwa wewe ndiye mwenye kalamu, na nakuombea uishike siku moja, usihesabu sahani uliyolia. Uliza ya nani. Na akija jirani kukuomba umsitiri, msitiri, kisha msindikize kwenda kusema kweli, kama Mama Shaha alivyofanya.

Mungu akupe riziki usiyoiazima, na akiichelewesha, akupe ulimi usioona haya kuiomba haki yako.

Majibu bado nayangoja. Barua niliyoipeleka, wakaigonga muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yangu, siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi, ni hii:

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU TAARIFA YA UKAGUZI WA KAYA YETU*

*Napinga taarifa iliyosema kaya yetu ina uwezo. Makochi mawili, zulia na sahani ni mali ya jirani yetu Mama Shaha, aliyesaini hapa chini. Feni ni yake pia. Nyumba yetu haina umeme. Tunalala watu wanne katika chumba kimoja. Mkeka wetu umechanika upande wa mlangoni. Mama yangu aliwaambia hatuna neno kwa sababu mlikuwa wageni wake, na yeye mwenyewe anakiri hapa kwamba neno lipo. Naomba mje tena kabla ya mwisho wa mwezi, bila kutuarifu.*

*Katika yote mliyoyaandika, kilichokuwa chetu ni kuku. Naye mlimmaliza.*