Gogo Langu na Mnazi wa Kitovu

Mimi ni mtu wa kukaa. Wenzangu wa kidato cha nne walitawanyika, wengine Dar, wengine Mtwara. Mimi nilirudi uani kwa bibi, hapa Kiswere, nikaona panatosha. Tena nilikuwa na kiti changu: gogo la mnazi ulioangushwa na upepo miaka minne nyuma, nililivingirisha mwenyewe mpaka kivulini. Bibi alitaka lipasuliwe kuni, nikakataa. Alizoea kunitania kwamba mume wake kijana ameota mizizi makalioni, nami humjibu kwamba mke mwenye adabu hayataji makalio ya mumewe mbele ya kuku.

Hatua chache kutoka hapo ulisimama mnazi wa binti yangu. Alipozaliwa, bibi alizika kitovu chake na juu yake akapanda mche. Sasa mtoto yuko darasa la kwanza na mnazi ni wake kwelikweli: huumwagilia, hujipima nao kimo, huwakataza wenzake kuuegemea.

Mwaka huu makuti yake yakaanza kutoka yamekatwa pembe pembe, kama kwa mkasi. Nikafikiri sana, maana hiyo ndiyo kazi niiwezayo nikiwa nimekaa, nikampata mhalifu: mzee mkwezi anayetuangulia nazi. Nikawaambia majirani ana kijicho na panga. Maneno yakamfikia. Asubuhi moja akaja, hana matusi, ana waya wenye ndoana. Nikamwamkia kwa sauti ndogo, akaitika marahaba bila kunitazama.

Mnazi bado ulikuwa mfupi. Akapindua kinu, akapanda juu yake, akaingiza waya kwenye tundu katikati ya makuti, akavuta. Akatoka chonga, mdudu mweusi mwenye pembe, mnene kama kidole gumba, bado anarusha miguu.

"Mwenye panga ni huyu," mkwezi akasema. Akauliza kama tuna gogo bovu hapo karibu, maana huko ndiko wanakozaliana.

"Hatuna," nikamjibu, nimelikalia.

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Mkwezi akaniomba ninyanyuke, akachukua shoka letu la kuni, akapiga mara moja. Gogo likapasuka kama muhogo uliooza. Ndani mlijaa mabuu meupe, manene, yamejikunja kama masikio, yakifurukuta pale pale nilipokuwa nakaa. Nilijishika suruali nyuma kwa mikono miwili. Miaka minne nimeyaatamia kama kuku.

Kicheko kilikatika mtoto alipouliza, "Baba, mnazi huu ukifa, na mimi?"

Bibi akamwambia mtu hafi kwa mti, hufa kwa siku yake. Lakini alisema akiutazama mnazi, si mtoto.

Nilimwomba mkwezi radhi. Akasema radhi nikaombe kule juu, kwa mnazi. Akaeleza kwamba jani la katikati, lile ambalo halijafunguka, likivutwa likachomoka, basi moyo umeoza, hakuna dawa. Akaniachia kinu nipande mimi. Nikapanda, nikalishika jani, nikavuta kidogo.

"Vuta kama mwanamume, mume wangu," bibi akasema. Safari hii hakuwa anatania.

Nikavuta. Halikuja. Nikavuta tena, likanikwaruza kiganja, likabaki palepale.

Mtoto akaniambia nishuke, namuumiza.