Kabla ya Jua Kuzama

Mwone kwanza anavyokuja. Ni mwanamume wa miaka hamsini na kidogo, mrefu, sweta lake la kijivu limetoboka kiwikoni, na vumbi la mbao liko kwenye nyusi utadhani katoka karakana sasa hivi, kumbe amekaa kwenye basi tangu asubuhi. Mkononi ana kigoda kipya. Anashuka Uyole, anavuka barabara, anashika kinjia cha kwenda kwa shemeji yake, na kila baada ya hatua chache anasimama, anakihamishia kigoda mkono wa pili. Kigoda si kizito. Ni miguu tu haitaki kufika.

Huyo ndiye Zabron, seremala wa Nyololo, mzee wa kanisa. Mkewe Helena yuko kwenye nyumba hiyo anayoiendea. Leo ni siku ya nne yuko pale kwa kaka yake, na hajasema kama atarudi.

Kule Nyololo Zabron ana jina jingine: Baba Kabla-ya-Jua. Ngoja nikueleze alivyolipata. Ni mwepesi wa hasira huyu bwana. Chakula kikichelewa anafoka. Randa ikipotea anafoka, na randa yenyewe iko kwapani mwake. Lakini zamani sana alisoma katika waraka wa Paulo kwa Waefeso kwamba jua lisimkute mtu akiwa bado na uchungu wake, na neno hilo akalishika kwelikweli. Kila siku ikifika saa kumi na moja na nusu jioni anaacha kazi, anajipangusa, anakimbia nyumbani.

“Helena, nisamehe. Jua linazama.”

“Nimekusamehe. Nawa mikono ule.”

Hivyo miaka kumi na tisa. Vijana wa barabarani wakimwona wanapiga kelele, “Kamwene, fundi! Kaza mwendo, limebaki kichwa tu!” Naye anacheka, anapunga mkono. Alijivunia jambo hili. Mwezi uliopita walimsimamisha kwenye semina ya wanandoa afundishe somo la kuitawala roho, na siri aliyowapa ndiyo hiyo: mpatane kabla ya magharibi. Watu arobaini wakaandika kwenye madaftari.

Haya. Jumatatu hii, Shiraz, mwenye duka la vyombo kule Mlandege, Iringa mjini, akaja kuchukua kabati aliloagiza. Kabati zuri, lakini droo ya chini ikagoma. Shiraz akavuta, ikatoka nusu, ikang'ang'ania.

“Fundi, hii ina mwenyewe humo ndani? Tubishe hodi?”

Wote wakacheka. Helena, aliyekuwa ameleta chai, akasema kwa upole, “Ile mbao nilisema bado mbichi. Tungengoja ikauke.”

Ni hilo tu. Zabron akageuka, mishipa ya shingo imemsimama. “Wewe umezaa nini hapa duniani, hata ujue kutengeneza kitu?”

Helena na Zabron hawana mtoto. Walizunguka hospitali tatu, walifunga, waliomba, mpaka mwaka mmoja wakakubaliana kwamba basi, Mungu amewapa wao wawili, na inatosha. Shiraz akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Helena akaiweka birika chini taratibu, bila kumwaga hata tone, akaondoka.

Saa kumi na moja na nusu Zabron akakimbia kama kawaida yake, nyama kilo moja mkononi. Akakuta kufuli mlangoni, ufunguo kwa jirani. Akasimama pale uani na nyama yake mpaka jua likashuka nyuma ya miti ya paini, na hakuna aliyemwambia anawe mikono.

Kesho yake alipopita barabarani, vijana hawakupiga kelele. Walimwamkia kwa heshima, wakatazama pembeni. Utani ungemsaidia. Ule ukimya ndio uliomvua nguo.

Sasa turudi Uyole. Mlangoni yuko kaka yake Helena, Sedekia, mtu wa maneno.

“Karibu shemeji, pole na safari. Sijui umewahi au umechelewa, maana huku kwetu limeshazama mara tatu.”

Zabron akajaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni.

Helena alikuwa uani, anachambua viazi vya mbegu. Alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, lakini hakuinuka. Zabron akaweka kigoda mbele yake, akapiga magoti.

“Helena, nisamehe. Jua…”

“Usinitajie jua.” Akatupa kiazi kwenye gunia. “Msamaha wako naujua. Unauleta kila jioni kama mtu anayerudisha beseni la jirani. Limeoshwa, linang'aa. Asubuhi unaliazima tena. Hasira yako nimeizoea, Zabron, kama moshi wa jikoni. Leo siulizi hasira. Nauliza lile neno. Ulikuwa nalo tangu lini?”

“Lilinitoka tu.”

“Lilitoka wapi?”

Sedekia, aliyekuwa anapasua kuni pembeni akijifanya hasikii, akashusha shoka.

“Shemeji, mimi si mzee wa kanisa, mimi naimba besi tu. Lakini ile habari ya Kaini hunishangaza. Mungu hakumngoja mpaka mtu amelala shambani amekufa ndipo amuulize. Alimuuliza mapema, uso ulipoanza tu kukunjamana: una nini wewe? Akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni. Mlangoni, shemeji! Ilikuwa bado haijaingia ndani.” Akainua shoka lake. “Haya, endeleeni. Mimi sipo hapa.”

Zabron alitazama mikono yake. Alitaka sana kusema kwamba ni shetani alimpitia. Mzee wa kanisa hakosi maneno ya namna hiyo. Lakini Helena alikuwa ameshika kiazi kimoja, hakiingizi guniani wala hakitupi, anangoja.

“Tangu tulipotoka ile hospitali ya tatu,” akasema. “Kwenye basi. Ulikuwa umenilalia begani. Nikawaza, ningeoa kwingine. Sikulifukuza hilo wazo. Nikawa nalirudia nikiwa napiga randa peke yangu. Mtoto wa mtu akipita na yunifomu, nalirudia. Miaka kumi na mmoja.”

“Na mimi nimekulalia begani.”

“Ndiyo.”

Helena hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Zabron akakumbuka semina ile na yale madaftari. Akakumbuka na mstari wa Mithali uliokuwa kwenye somo, ule unaomwagiza mtu alinde moyo wake kuliko kitu kingine chochote anacholinda. Aliuruka siku ile, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na wali ulikuwa tayari. Masikio yakamwaka moto.

Helena akakivuta kigoda, akakigeuza, akakipapasa tumboni, akakigonga kwa kidole.

“Hiki nacho kibichi.”

“Najua,” akasema Zabron. “Nilikuwa na haraka.”

Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika kwenye gunia la viazi. Kwa mazoea Zabron akafungua mdomo, na Helena akamwinulia kiganja.

“Leo liache lizame. Usiniombe kitu. Utalala kile chumba cha mbele. Kesho asubuhi, kabla hujanawa uso, uje uniambie umeamka na wazo gani. Sitaki la kanisani. Nataka lile utakalolikuta kichwani. Nikishalisikia ndipo nitajua kama nafunga begi au nalirudisha uvunguni.”

Basi, jua likazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa Zabron kulitazama jua likienda bila kuwa na mahali pa kukimbilia.

Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya Uyole ya kukata vidole. Helena alikuwa jikoni anapuliza moto, begi lake liko kando ya mlango, zipu wazi.

“Haya,” akasema bila kugeuka. “Umeamka na nini?”

Nikwambie wewe, maana Helena hajui. Kabla Zabron hajafumbua macho alilikuta wazo limemkalia kifuani: mwanamke huyu ananidhalilisha mbele ya ndugu zake. Hilo ndilo aliloamka nalo. Lakini alipokuwa anavaa sweta alishatengeneza jingine, zuri sana, lina hata kipande cha Zaburi ndani yake, na hilo ndilo lililokuwa tayari ulimini.

Moshi ulimwingia machoni. Alishika mwimo wa mlango, uso haujanawa. Ungekuwa wewe, ungemwambia lipi?