Niliandika Wanne

Fondasyo, shirika la kusaidia watoto, ilinichukua kwa sababu ya nyanya ninazouza sokoni. Soko zima la kwetu Kampemba lilijua kwamba ninahesabu kila kitu mara mbili na hakuna anayenidanganya, nao walitaka mtu wa namna hiyo, wa kuzunguka nyumba kwa nyumba akiandika watoto wa kusaidiwa: sare, viatu, madaftari, unga wa kila mwezi. Asiyekuwepo siku ya kuhesabu haandikwi. Mwezi ule nilikuwa nimeshakamata familia mbili zilizoazima watoto wa jirani, nikajiona mjanja.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya nkambo mmoja, bibi aliyelea wajukuu peke yake tangu binti yake afariki. Alisema wako watano. Nikahesabu wanne. Nikarudia: wanne.

Mara akaingia msichana wa miaka kama kumi, anahema, kiti cha plastiki kichwani.

"Uyu njo wa tano," nkambo akasema. "Nilimutuma kwa jirani akuletee kiti."

Nikacheka. "Eh, nkambo! Unakopa kiti, unakopa na mutoto? Jirani iko na roho muzuri!"

"Mama, uyu iko wangu."

"Na kiti?"

"Kiti iko ya jirani."

"Basi."

Aliapa, akanishika mkono. Sokoni pia wanaapa, sikulegea. Nilikalia kile kiti, nikaandika wanne.

Wiki tatu baadaye mwanamke mmoja alisimama kwenye meza yangu sokoni, akabonyeza nyanya zote asinunue hata moja.

"Ni wewe ulisema nilikopesha nkambo mutoto? Mama, miye sikuzaa. Niko na kiti tu."

Nilifunika nyanya, nikaenda ofisini. Mkuu wa fondasyo, mtu mpole, akasema orodha ya mwaka wa shule unaokuja imeshafungwa. Nilimbembeleza asubuhi nzima. Alishuka kidogo tu: kuongeza haiwezekani, kubadilisha inawezekana. Mmoja atoke, msichana aingie.

Nikaipeleka bei hiyo kwa nkambo. Alikuwa anachambua mboga ya lengalenga, hakuinua kichwa.

"Wewe njo ulihesabu," akasema. "Chagula wewe."

Msichana aliyekuwa anafua uani akaacha, akanitazama. Wadogo zake nao wakanitazama. Niliwahesabu: watano. Nikarudia: watano.

Sikuweza kuchagua. Shule zilipofunguliwa, walienda wanne.