Farasi Ndani ya Gurudumu

Nakumbuka, mwanangu, nikiwa kijana wa River Road, uvumi ulituingia kwamba farasi wa gari hukaa ndani ya magurudumu. Tulisikia kila gari lina nguvu za farasi kadhaa, tukaulizana: wanalala wapi? Kwenye injini haiwezekani, kuna moto. Basi wako kwenye magurudumu, na gurudumu likiwa zito, farasi ni wengi. Niliamini kabisa. Usinicheke. Nairobi ya miaka ya sabini mwenye cheo aliitwa mtu mzito, na mtu mzito akipiga chafya Westlands, Kangemi nzima ilisema pole. Kwa nini gurudumu zito lisiheshimiwe?

Isitoshe, nilikuwa nimetoka kuhitimu masomo ya jioni, kwa hiyo hapakuwa na nisilolijua chini ya jua. Ujuaji mwingi mbele kiza.

Rafiki yangu Opiyo, tuliyetoka naye kwetu magharibi, alikuwa na kigari kikuukuu alichokipenda kuliko chakula. Ndoto yake ilikuwa kuendesha katika mbio za magari za Pasaka. Mzee Harbans, Singasinga mwenye gereji Westlands, alikuwa amebakiza nafasi moja katika kikosi chake. Gereji yake ilikuwa na mashine ya kupimia nguvu: mapipa ya chuma yaliyozama sakafuni. Gari linapandishwa juu, dereva anakanyaga mafuta, magurudumu yanayazungusha mapipa, na mshale ukutani unasema ukweli. Siku ya kwanza mshale wa Opiyo uliishia chini kidogo tu ya mstari mwekundu, kiwango alichokitaka Harbans.

"Enda safisha kabureta, rudi Jumamosi," Harbans akamwambia. "Ukikosa tena, nafasi napea mwingine."

Opiyo akasafisha. Mimi je, ningekaa bure? Katika duka la vipuri nilikofanya kazi nikaazima magurudumu ya chuma ya pikapu, mazito hivi kwamba tulipoyashusha nje ya gereji ili tuyafunge, ardhi ilitikisika hadi Kabete.

"Wekesa, una hakika?" Opiyo akaniuliza.

"Ndugu yangu, leo unaingia na zizi zima!"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi sikuona hata hilo kanda.

Jumamosi Opiyo akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama simba aliyenyimwa mfupa. Mshale ukapanda kwa uvivu, ukachoka chini hata ya pale ulipofika mwanzo. Mafundi wakaangua kicheko.

"Farasi wenu wameenda kunywa maji!" mmoja akapaza sauti.

Opiyo akashuka, akaegemea mlango. "Wekesa, umenimaliza," akasema taratibu. Angenitukana ningepona.

Harbans akagonga gurudumu kwa spana, akanitazama, kisha akaagiza tufunge yale ya zamani. Tukafunga. Opiyo akakanyaga tena. Mshale ukapanda, ukaugusa mstari, ukaupita! Alipiga ukelele ambao nadhani uliwaponya wagonjwa wote wa Upper Hill. Nafasi ikawa yake.

Mwanangu, utakutana na mengi ya kukufanya uonekane mzito mbele za watu: suti, jina, marafiki wa kujionyesha nao, hata cheti kama changu. Kabla hujajifunga nayo, jiulize ni nani atakayeyazungusha kila siku. Na usimfungie mwenzio jambo usilolijua. Kuuliza si ujinga. Mungu akupe mwendo mwema na miguu miepesi, na siku utakapokosea akujalie mtu wa kukueleza wazi bila kukudharau, kama Harbans alivyonieleza nilipomnong'oneza kumuuliza wale farasi walikuwa wamejificha wapi:

"Hawajajificha, kijana. Injini ni ile ile, nguvu ni ile ile. Lakini mwendo ukipanda, gurudumu nzito inakula nguvu mingi kujizungusha yenyewe, na mashine yangu inapima ile inabaki tu."