Kidole cha Mama Mkwe

Mume wangu Wabwile hutengeneza tovuti, na ukitaka kumuudhi, mwambie hiyo si kazi. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la mbegu hapa Kitale, na kuanzia asubuhi anasongwa na wateja wasiojua wanachotaka, ila wanajua kwamba hicho alichofanya hawakitaki. Mwenye lojingi anataka vyumba vyake vionekane vikubwa kuliko vilivyo. Mwenye shule ya udereva anataka gari lipite kwenye ukurasa likipiga honi. Wabwile huwasikiliza wote kwa adabu, halafu akifika nyumbani ananimwagia mimi, na mimi ndiye ninayepandwa na hasira kwa niaba yake.

Ijumaa jioni ni yetu. Tunaenda kucheza rumba kwenye klabu moja mjini, na yule mtu aliyeinama mbele ya kompyuta wiki nzima ananyooka mpaka wageni wanauliza ni nani. Anacheza vizuri, hilo simnyimi. Hata plasta iliyokuwa mguuni mwangu siku ya kisa hiki niliipata huko: alinizungusha, nikazunguka, kiatu kikabaki palepale. Jumapili ana starehe nyingine. Anabeba kamera na kinasa sauti chake kidogo na kuzunguka makanisa ya Bungoma akirekodi kwaya, bila kulipwa hata soda. Ndivyo tulivyokutana. Alikuja Lugulu kurekodi kwaya ya mama yangu, Mama Sellah, akaondoka na mimi.

Wakati huo dada yangu Fridah alikuwa hai. Kwenye nyimbo za kwaya humsikii, amemezwa na sauti za wengine. Lakini siku moja Wabwile alimkuta jikoni kwa mama akifanya mazoezi peke yake, akawasha kamera. Fridah anaimba beti moja, anasahau maneno, anacheka, anaanza tena. Ni hayo tu. Alipofariki ndipo tulipogundua kwamba hatuna sauti nyingine yake popote. Mama alikataa video ile ionwe na watu, kwa hiyo Wabwile aliiweka ndani ya chaneli ya kwaya aliyoifungua kwa jina la mama, akaifunga, mama peke yake aweze kuifungua kwa simu yake. Nakala aliyobaki nayo iliibwa pamoja na kompyuta yake. Mtu anayewahubiria wateja kila siku waweke nakala mbili mbili! Nilimwambia hivyo, na nitaendelea kumwambia.

Kuna jambo moja ni lazima nilieleze, maana asiye wa kwetu anaweza kutuona wajinga. Kwetu Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hata kutazamana ana kwa ana wanaepuka. Si chuki, ni heshima. Kuna siku yake ya kulegezwa, ina wazee wake na vitu vyake, na yetu ilikuwa haijafika. Kwa hiyo mama na Wabwile walikuwa wakizungumza kupitia kwangu. "Ivy, mwambie huyo mtu wako." "Ivy, mwambie mama." Nilikuwa posta ya bure.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimelala kwenye kochi, mguu juu ya mto, mama akapiga simu.

"Ivy, ati simu inaniuliza kama niko nchi ingine. Niko nchi gani mimi? Si niko tu hapa napukuchua mahindi?"

"Mama, ulibonyeza kitu?"

"Waliandika ati chaneli ya kwaya itafungwa nisipobonyeza. Nikabonyeza. Kwani wewe ungewacha ifungwe?"

Nilifungua ile chaneli. Picha ya kwaya haikuwepo. Palikuwa na jamaa wa suti nisiyemjua, akitangaza sarafu za mtandaoni. Wabwile alininyang'anya simu, akatazama, na nikaona uso wake ukibadilika. Nimewahi kumwona akikasirika na nimewahi kumwona akichoka, lakini hofu sikuwa nimeiona.

"Wanafuta video," alisema. "Wameanza na za juzi, wanashuka nazo."

"Na ya Fridah?"

"Sisi hatuioni, lakini iko chini kabisa. Ndiyo niliyoanza nayo."

Tulijaribu kumwelekeza mama kwa simu. Akiongea na sisi haoni kioo, akitazama kioo hatusikii. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka akaanza kulia, na mimi nikaanza kumfokea, jambo ambalo sitaki kulikumbuka. Wabwile alikuwa tayari anavaa jaketi.

"Simu yake bado inatambulika huko ndani," alisema. "Hawajaifukuza. Nikiipata mkononi, nabadilisha nywila, wao ndio wanatoka. Wakiifukuza kwanza, basi tena. Mwambie asiiguse, na isizime."

"Ikizima?"

"Ikiwaka tena itadai namba ya siri. Anaijua?"

Mama hakuijua. Namba iliwekwa na mwenye duka alikoinunua. Yeye alijua kidole gumba chake tu: anakibandika, inafunguka. Nilimuuliza chaji iko namna gani. Akasema stima zimepotea tangu asubuhi, na kale kamstari kamekuwa kekundu.

Wabwile alipanda pikipiki. Nilimwambia aende polepole, na moyoni nilitaka apae.

Sijui kama umewahi kukaa kwenye kochi na mguu wa plasta ukitazama wezi wakikuibia. Kila nilipofungua ukurasa, wimbo mmoja haukuwepo. Ule wa Pasaka ukaenda. Wa harusi ya mchungaji ukaenda. Niliwatukana kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, na kwa maneno mengine ya stendi ya Kitale. Nikampigia mama. Hakushika, nikakumbuka ni mimi niliyemwambia asiiguse. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumtuma, majirani wote walikuwa wameenda mazishi Kabuchai na mama ndiye aliyebaki kulinda boma. Nikaanza kumwomba Mungu, nikajikuta namwambia Fridah angoje kidogo.

Hatimaye Wabwile alipiga simu. Alikuwa amefika, na aliweka simu yake kwenye dirisha la sebule, kwa spika, ili nisikie pande zote mbili. Mama alikuwa jikoni, kibanda chake cha nje, ng'ambo ya uwanja.

"Ivy, mwambie mama afungue simu kwa kidole, aiweke kwenye stuli hapo katikati, halafu arudi ndani."

"Mama, fungua simu, uiweke kwenye stuli, urudi jikoni."

"Nimesikia. Mwambie asitoke kwanza."

Nikasikia mlango. Nikasikia kandambili za mama zikienda, zikirudi. Kisha viatu vya Wabwile. Akarudi sebuleni na simu, na kwa muda nilisikia pumzi yake tu. Vidole vyake nilijua vinafanya nini, nimevitazama miaka yote hii.

"Nimefika pa kubadilisha nywila," alisema. "Inataka kidole. Ivy, mwambie mama naiweka kwenye stuli, aje abandike upesi."

Akaiweka, akarudi ndani, akageukia ukutani. Mama akatoka jikoni, akabandika kidole, akarudi. Wabwile akakimbia. Ule ukurasa ulikuwa umekwisha kujifunga. Akaanza tena mwanzo.

Mara ya pili simu haikukubali kidole. Mama alikuwa akipukuchua mahindi tangu alfajiri, na ngozi ya gumba lake imepasuka kama gome. Alibandika, simu ikatetemeka, akabandika tena, ikatetemeka.

"Inakataa!" Mama alipiga kelele kutoka uwanjani. "Ivy, inanikataa!"

"Mwambie aache!" Wabwile naye alipiga kelele kutoka ndani. "Akikosea tena na tena itafunga kidole kabisa, itake namba!"

"Mama, wacha! Usibandike tena!"

"Sasa nifanye nini?"

Hapo nilifungua ukurasa wa kwaya. Nyimbo zilizobaki ungeweza kuzihesabu kwa mkono mmoja. Wa kwanza kati ya hizo ulipotea nikiwa nautazama.

"Wabwile," nilisema, "wamekaribia chini."

Nilijua anachofikiria, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakifikiria. Mtu mmoja aishike simu ikiwa imefunguka kwenye ukurasa ule, na papo hapo kidole kisafishwe, kikaushwe, kibandikwe sawasawa. Mtu huyo alikuwa amesimama sebuleni akitazama ukuta. Mimi ningemwambia nini? Ningesema "toka" ningekuwa nimemtuma mume wangu amvunjie mama yangu heshima ndani ya boma lake, baba akiwa kaburini nyuma ya nyumba hiyohiyo. Ningenyamaza, tungempoteza Fridah mara ya pili. Nilishika simu kwa mikono miwili na sikusema lolote. Niliogopa, ndiyo ukweli wenyewe.

"Chaji inaisha," mama alisema. Safari hii hakupiga kelele.

Kisha nikasikia jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia tangu niolewe.

"Wabwile."

Mama yangu hakuwahi kulitamka jina hilo. Alisema "huyo", alisema "mtu wako", na siku za furaha alisema "bwana wa Ivy".

"Wabwile. Toka uje hapa."

Wabwile akajibu kwa sauti ndogo ambayo hata wateja wake wakorofi hawajawahi kumtoa: "Mama, mimi siwezi."

"Nimekuita. Mtoto wangu yuko ndani ya hicho kitu. Kuja."

Nikasikia viatu, taratibu kwanza, halafu haraka. Sauti zao zilikuwa mbali na dirisha, nikabandika sikio kwenye simu mpaka likauma.

"Nipe mkono," Wabwile alisema. "Huo wa kulia. Pole, mama."

"Wacha pole, fanya."

Baadaye aliniambia alilowesha gumba la mama kwa maji ya ndoo, akalipangusa kwa shati lake mwenyewe, akalipulizia likauke kama mtu anayempulizia mtoto kidonda. Wakati huo mimi sikuona lolote. Nilisikia tu akisema, "Usibonyeze kwa nguvu. Laza tu. Hivyo. Ngoja." Na tena, "Ngoja."

Nilingoja na mimi, huku Kitale.

"Imekubali," Wabwile alisema.

Sikushangilia. Nilikuwa nautazama ukurasa. Nyimbo mbili zilikuwa zimebaki. Nikafungua tena, mbili. Nikafungua mara ya tatu, mbili. Yule jamaa wa suti akatoweka, mahali pake pakawa peupe.

"Wametoka?" nilipiga kelele. "Wabwile, wametoka?"

"Nimewatoa wote."

"Na yeye?"

Alikuwa bado akitafuta. Kisha, kutoka mbali, kutoka uwanjani kwetu Lugulu, dada yangu akaanza kuimba.

Aliimba ile beti moja. Akasahau maneno palepale alipoyasahau siku zote. Akacheka. Nililia kwa sauti, kochi likawa linanisikiliza. Mama hakulia. Wimbo ulipoanza upya nilisikia viatu vya Wabwile vikisogea, nadhani alitaka kurudi sebuleni amwachie mama nafasi.

"Unaenda wapi?" mama alimuuliza.

"Nakupisha, mama."

"Kaa. Ni wewe ulimkamata hapo ndani. Kaa umsikie."

Akakaa. Wakamsikiliza mpaka mwisho, yeye na mama yangu, uwanjani, na hakukuwa na ukuta wala mlango kati yao. Simu ikazima muda mfupi baadaye, lakini haikuwa na neno tena, Wabwile alikuwa ameshajitumia nakala, na nyingine amenitumia mimi.

Halafu mama akasema, kwa ile sauti yake ya kuongoza kwaya, "Wazee watajua. Hapa hakuna jambo linafichika. Wakikuuliza, useme ni mimi nilikushika mkono."

"Mama, si kweli. Ni mimi nilikushika."

"Nimesema useme ni mimi."

"Siwezi kukusingizia, mama."

"Wewe kijana, unabishana na mimi?"

"Sibishani, mama. Lakini nitawaambia ni mimi."

"Utawaambia vile nimekuambia!"

Waliendelea hivyo, kila mmoja anataka kubeba kosa, na hakuna aliyekumbuka kwamba niko kwenye laini. Ningeweza kuingilia kati. Ndiyo kazi niliyoizoea. Nilipangusa macho, nikaongeza sauti ya simu, nikawaacha wagombane.