Bwana Mhuri na Visanduku Vyenye Tiki

Mtaani walimwita Bwana Mhuri, naye alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea shahada. Miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya dirisha namba nne la ofisi ya leseni, akipokea fomu, akizigonga mhuri, akizisukuma mbele. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na maneno mazuri. Saa ilisimama baada ya mwezi. Tabia za dirisha namba nne hazikusimama.

Nyumbani kulikuwa na kompyuta moja, juu ya meza iliyobanwa kati ya kabati la vyombo na mlango wa chumba cha kulala. Ilikuwa ya mkewe kwa kazi, na ya wote kwa mengineyo. Tangu asubuhi mkewe alivaa visikilizio, akasikiliza madaktari waliorekodi sauti zao kwa kunong'ona, kana kwamba hawataki ugonjwa usikie, naye akayaandika maneno yao kwa ajili ya ofisi iliyomwajiri. Yalikuwa mambo ya wagonjwa, ya siri. Ndiyo maana siku moja barua ya ofisi hiyo ilikuja bila salamu: katika kompyuta yake zimeonekana programu ngeni nne, ikionekana nyingine, mkataba umekwisha.

Mkewe aliisoma mara mbili, akavua visikilizio.

"Mzee, umeingiza nini humu?"

"Mimi? Ile ya kupangia picha za harusi ya kaka. Moja tu."

"Zimehesabiwa nne."

"Basi tatu zimejileta zenyewe."

Hakuwa akidanganya, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Jumamosi akaja binti wa dada wa mkewe, fundi wa kompyuta, na mkoba mdogo na subira kubwa. "Baba mdogo," alisema, "hebu ingiza tena ile ya picha kama siku ile, nione."

Bwana Mhuri akavaa miwani, akakaa wima. Alisoma masharti yote, kurasa kumi na nane, kazi ambayo huenda hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuimaliza. Kisha ukaja ukurasa wenye visanduku vitatu, vyote vimeshatiwa tiki. Akavipita kwa heshima, akabonyeza "Endelea".

"Hapo! Mbona hukuziondoa hizo tiki?"

"Niziondoe vipi? Zimeshawekwa."

"Si ndiyo hizo zilizokuletea wageni! Kila tiki programu moja."

Bwana Mhuri akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, kisanduku kikija kimeshajazwa, hiyo ni sehemu ya ofisi. Mwombaji haigusi. Watu wamerudishwa nyumbani kwa kosa hilo."

"Baba mdogo, hapa ofisi ni wewe. Waombaji ni wao."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Binti akazing'oa zote nne, moja ikiuliza mara tatu kwa nini inaachwa, kama mchumba. Kisha akaigawa kompyuta kwa akaunti mbili, kama milango miwili: wa mama mdogo, wenye uwezo wote, na wa baba mdogo, usioruhusu kuingiza kitu. Chochote kitakachobisha hodi kitaomba neno la siri, na neno la siri analo mama mdogo peke yake. Mlango wa pili ulihitaji jina. Binti akaandika "Mgeni".

"Mgeni? Meza hii nimeinunua mimi!"

"Meza ndiyo, baba mdogo."

Siku iliyofuata Bwana Mhuri alinunua daftari, akalipiga mistari kwa rula: tarehe na saa, jina la mwombaji, anakotoka, anachotaka, uamuzi. Kisafishaji kimoja cha kompyuta chenye kelele kilipoibuka kwenye kioo kikidai ina wadudu mia mbili na kumi na wanne, alikifunga, akaandika: "Ombi limekataliwa." Neno hilo hakuwahi kuliandika. Dirisha namba nne lilipokea tu, kukataa kulifanyika ghorofani.

"Leo umefukuza wangapi?" mkewe angeuliza akipita.

"Wawili. Mmoja ameapa kompyuta itakufa."

"Imekufa?"

"Bado."

Alitania, lakini mashaka hayakumwisha. Akikubali, kazi ya mkewe inakwenda. Akikataa, nani ajuaye?

Alhamisi mkewe alikwenda kupimwa macho. Saa nne asubuhi likafunguka kwenye kioo dirisha dogo, la kijivu, lisilo na kelele. Liliomba kwa upole neno la siri ili kuweka kinga mpya ya kompyuta kabla ya saa sita. Bwana Mhuri alilizunguka kwa macho. Matapeli wote aliowahi kuwaona dirisha namba nne walikuwa na adabu. Akalifunga, akaandika: "Limekataliwa. Mpole kupita kiasi."

Mkewe alirudi saa nane. Alipitia daftari amesimama, mkoba ukiwa bado begani, kidole kikashuka mstari kwa mstari, kikakwama.

"Huyu wa saa nne."

"Huyo nilimshtukia mapema."

"Huyo ni ofisi yangu."

Alikaa, akaingia kwa mlango wake, akaandika neno la siri. Kinga mpya ikaingia kwa dakika tano, bila tatizo. Lakini ukurasa wa kazi ulikuwa umefungwa tangu saa sita. Akaiandikia ofisi maelezo na kuomba afunguliwe, akayafuta nusu, akayatuma.

"Nilipaswa kukupigia simu," alisema mzee nyuma yake.

"Ungenipigia."

Mzee akachukua rula, akachora safu nyingine pembeni mwa daftari: "Mama ameulizwa?" Mstari ulitoka umepinda.

Kwenye kioo likatokea jibu: Ombi lako limepokelewa. Linashughulikiwa.

"Wewe umefanya kazi hizo," alisema mkewe, bila kugeuka. "Wakishasema hivyo, inachukua muda gani?"

Bwana Mhuri aliwaambia watu sentensi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Akavuta kigoda, akaketi kando yake, akajaribu kukumbuka karatasi zilikwenda wapi zikishatoka mikononi mwake.

"Sijui," alisema. "Mimi nilikuwa napokea tu."