Bamama ya soko bamenifuata mbio mpaka juu ya mulima

Jamani, leo asubui nimekimbiza bamama ya soko bila kujua!

Nilivaa montre yangu mupya ya sport, ile saa ya mukono inapimaka mbio, nikaanza kupanda mbio ile mulima ya Butembo inanishindaka kila siku.

Lakini huku kwetu, ukiona mutu anakimbia, unakimbia kwanza, kuuliza ni kisha.
Bamama na bitunga ya ananasi kwa kichwa, bakanifuata.
Mimi kusikia miguu nyuma, nikaogopa, nikaongeza mbio!

Kule juu, pumzi hapana tena.
"Mutoto yangu, tunakimbia nini?"
"Mama, ni sport tu..."
Bakaangaliana. Kisha kicheko!
"Basi kesho utujulishe, tuache bitunga ku nyumba."

Mulima yote bila kusimama, mara ya kwanza!
Montre imepongeza mimi tu. Bale bamama, mubapongeze kwa maoni hapa chini.